Boksi la huduma ya kwanza la kwenda kukempu Udzungwa: uweke nini, uache nini

Swali: "Sista habari za kazi. Mwezi wa saba tunaenda kukempu Udzungwa kifamilia, watu wazima tuko wanane na watoto watatu, wa miaka minne, saba na tisa. Tutalala kwenye mahema pale Mang'ula siku nne na siku moja tunapanda maporomoko ya Sanje. Mimi nimepewa jukumu la boksi la huduma ya kwanza. Nimeshanunua lile jekundu la plastiki Kariakoo ila ndani lina plasta chache, mkasi na pamba basi. Shemeji ananiambia niongeze amoksilini, Flagyl, dawa ya mseto, diklofenaki, spiriti na jiwe la nyoka. Jirani anasema bila sindano ya nyoka tusithubutu kwenda. Yule wa miaka saba ana pumu. Bajeti ni elfu themanini. Naogopa maana kitu kikitokea kule porini wote wataniangalia mimi. Niweke nini?"

Jibu: Salama dada yangu, na umefanya vizuri kuuliza mapema wakati bado una muda wa kununua na kujifunza.

Nikisoma swali lako naona kinachokunyima raha sio boksi lenyewe, ni ile picha ya mtu kaumia na watu kumi wamekutolea macho wewe. Sasa nikutoe hofu hapo. Hakuna anayetegemea umtibu mtu malaria au sumu ya nyoka ndani ya hema. Kazi ya hilo boksi ni kuzuia damu, kuosha na kufunika kidonda, kurudisha maji mwilini, kupunguza maumivu na kumweka mgonjwa salama mpaka mumfikishe kwenye vipimo na dripu. Ukilielewa hivo utaona vitu vingi alivyokutajia shemeji havina nafasi humo, na kuna vingine hakuna aliyekutajia na ndo vya lazima.

Tuanze na nyoka maana ndo kinamnyima kila mtu usingizi. Sindano ya nyoka usiitafute. Ile dawa inaingizwa kwenye mshipa, inatakiwa iendane na sumu ya nyoka husika, na yenyewe inaweza kumletea mtu aleji kali ya ghafla, presha ikashuka na koo likavimba ndani ya dakika chache, ndo maana inatolewa sehemu yenye oksijeni, adrenalini na watu wanaojua kuvitumia. Jiwe la nyoka nalo liache Dar. Ni mfupa uliochomwa, unanata kwenye jeraha kwa sababu una vitundu vinavyofyonza unyevunyevu, lakini sumu wakati huo ishapita ndani zaidi na haitoki. Ubaya wake ni kwamba watu wanakaa kusubiri jiwe lidondoke lenyewe na masaa yanakatika.

Kamba ile wanayofunga juu ya jeraha la nyoka ndo imeharibu miguu ya watu wengi. Sumu ya kifutu inakula nyama pale pale ilipoingia, ukikaza kamba juu yake umeifungia sehemu moja na damu umeikata, mguu unaanza kufa. Kuchanja na wembe ni hivo hivo, maana sumu ya hao jamaa inavuruga damu isigande, sasa wewe unamfungulia mtu jeraha jipya ambalo halitakauka. Na kunyonya kwa mdomo usimruhusu mtu, hakutoi sumu. Ujue hivi: sumu nyingi inasafiri kupitia mirija midogo ya limfu, na hiyo mirija inasukumwa na misuli, yaani mtu akikimbia anaisambaza mwenyewe. Kwa hiyo akiumwa akae chini hapo hapo, mvue kiatu, pete, kikuku, chochote kinachobana maana patavimba, funga mguu na kijiti na bandeji kama vile umevunjika, bandeji isibane, kidole kipite chini yake, afu abebwe mpaka kwenye gari na mwende hospitali. Kumbuka saa aliyoumwa. Msimfukuze nyoka, mtu wa pili kuumwa mara nyingi ni yule aliyeenda kumtafuta. Swila akimtemea mtu machoni ni maji, maji, maji, robo saa nzima macho yakiwa wazi, bila kumtia dawa yoyote, afu hospitali. Na kwa ukweli kinga yake ni ya kawaida kabisa: viatu vya kufunika, tochi kila anayetoka usiku hata kama anaenda hatua tano kukojoa, zipu ya hema ifungwe muda wote.

Haya, dawa za shemeji. Amoksilini na Flagyl watu wanazibeba kwa ajili ya kuharisha na vidonda. Kuharisha kwa safarini mara nyingi kunapita kwenyewe ndani ya siku mbili tatu, na kinachoua sio choo chenyewe, ni maji na chumvi vinavyotoka nacho. Antibayotiki haikurudishii hata tone la maji, na nyingine zenyewe zinaharisha. Kuhusu vidonda, kuna watu wanafungua kapsuli wanamwagia ule unga juu ya kidonda. Tafadhali usikubali. Unaganda, unaficha uchafu chini, na mtu mwenye aleji ya penisilini unaweza kumletea balaa. Antibayotiki ni dawa ya cheti, uandikiwe na aliyekuona.

Dawa ya mseto ndo watu wananishangaa nikisema usibebe. Vimelea vya malaria vikiingia na mbu vinaenda kwanza kwenye ini, vinazaliana huko kama wiki moja ndo vinaingia kwenye damu na homa inaanza. Maana yake mtoto akipata homa siku ya pili mkiwa Mang'ula, hiyo malaria kama ipo aliitoa Dar, na inaweza isiwe malaria kabisa, inaweza kuwa masikio, kifua, mkojo, dengi. Mseto bila kipimo unakufanya uridhike kwamba umetibu wakati hujajua unachotibu. Homa ya mtoto porini ni kumpunguzia joto, kumnywesha, na kumpeleka akapimwe siku hiyo hiyo. Beba chandarua chenye dawa na ya kujipaka ya kufukuza mbu, hizo ndo pesa zimeenda mahali pake, Bonde la Kilombero lina mbu kwelikweli.

Diklofenaki naiogopa zaidi kwenye safari hii kuliko watu wanavyodhani. Mtu katembea mlimani, katoka jasho, maji hajanywa ya kutosha, figo zake zinajitahidi kubana kila tone, hapo hapo anameza diklofenaki mbili za magoti, na ile dawa inabana mishipa inayopeleka damu kwenye figo. Baadhi ya wenye pumu inawabana kifua. Na kama homa ni dengi, ambayo Dar tumeipata kwa mlipuko 2014 na tena 2019, inaongeza hatari ya kutoka damu, ibuprofeni vilevile. Kwa hiyo maumivu na homa ni panadol basi. Mtu mzima vidonge viwili vya miligramu 500, asirudie kabla ya masaa sita, asipitishe vinane kwa siku. Mtoto ni kwa kilo zake, miligramu 15 kwa kila kilo moja, asizidishe mara nne kwa siku. Mfano wa miaka minne akiwa na kilo 16 anahitaji miligramu 240, na kama syrup yako imeandikwa miligramu 120 kwenye mililita 5, hiyo ni mililita 10. Wapime watoto wote kabla hamjaondoka, andika kilo na dozi ya kila mmoja kwenye karatasi, bandika ndani ya mfuniko wa boksi, na nunua bomba la sindano lisilo na sindano la kupimia, vijiko vya nyumbani havilingani.

Sasa vidonda, hapa ndo boksi lako litafanya kazi kuliko sehemu yoyote. Njia ya Sanje ina mizizi na mawe ya kuteleza, maporomoko yenyewe yanashuka kama mita 170 na karibu na maji kila jiwe lina utelezi, mtoto ataanguka tu, utakuwa na goti lililochunika lenye mchanga ndani. Spiriti iweke kando. Inaua vijidudu ni kweli, lakini inaua na nyama changa ambayo ndo ingefunga kidonda, na maumivu yake yanamfanya mtoto asikubali umguse tena. Kinachosafisha kidonda ni maji mengi yenye nguvu. Chukua chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu ambayo haijafunguliwa, toboa mfuniko wake kwa pini tundu dogo moja, vaa glovu, inua chupa kama kiganja kimoja juu ya kidonda na ukamue, utaona maji yanatoka kama mchirizi mwembamba wenye kasi na mchanga unakimbia wenyewe. Malizia chupa nzima, usiwe bahili. Kajiwe kalikobaki kaondoe na kibano ulichokifuta. Pembeni ya kidonda unaweza kupaka ile dawa ya kahawia ya ayodini, katikati usimwage. Afu gozi safi na tepu. Pamba usiweke moja kwa moja, nyuzi zake zinanasa ndani na siku ya kubadilisha unatonesha upya, pamba iache ya kazi nyingine.

Kinachotoka damu nyingi, usianze na kuosha. Pachika gozi nene, bonyeza kwa kiganja na uzito wa mwili, dakika kumi ukiziangalia kwenye saa, bila kufungua kuchungulia. Hii ya kuchungulia ndo inaharibu, maana damu inaganda kidogo kidogo na kila ukifungua unaibandua. Ikilowa ongeza gozi juu, ile ya chini usiitoe, zungushia bandeji ya krepu kwa kukaza. Ikiendelea kuruka, au kidonda kimefunguka kiasi unaona mafuta ya ndani, au kiko usoni, au vidole havikunji, ni safari ya kwenda kushonwa siku hiyo hiyo. Na waulize watu wazima wote kabla ya safari walichomwa lini pepopunda, aliyepitisha miaka kumi au asiyekumbuka akachome kabla.

Kuhusu wanyama, kule kuna nyani na ngedere, watoto watataka kuwapa ndizi. Wakatazeni. Akikwaruzwa au kung'atwa na nyani, mbwa, paka, chochote, osheni kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, afu hospitali kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama kidonda ni kidogo hakionekani vizuri. Kichaa kikishaanza dalili hakuna dawa, chanjo kabla ya dalili ndo inaokoa, kwa hiyo hapa hakuna kusema tutaona Dar.

Moto sasa. Kambini watoto wanaungua kwa chai na uji kuliko kwa moto wenyewe. Mwagia maji ya kawaida yanayotiririka dakika 20, ni ndefu ukiwa na mtoto analia lakini zihesabu, kwa sababu ngozi inaendelea kuungua ndani hata baada ya maji ya moto kuisha na ni ubaridi ndo unaisimamisha. Hata kama mmechelewa, ndani ya masaa matatu bado inasaidia. Barafu hapana, dawa ya meno, yai, mafuta, unga wa ngano vyote hapana, tunakuja kuvibandua hospitali na mtoto analia mara mbili. Funika na gozi lililolowa maji safi au nailoni mpya ya kufungia chakula. Ikizidi ukubwa wa kiganja chake, au ikiwa usoni, mikononi au sehemu za siri, twende. Na nakuomba sana hili: usiku kukipoa mtu asiingize jiko la mkaa ndani ya hema. Hewa yake haina harufu wala rangi, inakalia nafasi ya oksijeni kwenye damu, watu wanalala na hawaamki.

Kwa kuharisha, beba pakiti za ORS, angalau kumi, na kwa watoto ulizia famasi vidonge vya zinki. Soma pakiti inahitaji maji kiasi gani maana zipo za lita moja na zipo ndogo, ukikosea ukaweka maji kidogo chumvi inazidi. Zikiisha, sukari vijiko vidogo sita na chumvi nusu kijiko kidogo kwenye lita moja ya maji safi, vijiko vyote vya kusawazisha. Mtoto akitapika subiri dakika kumi, uanze upya kijiko kimoja kimoja. Maji ya mtoni ni mazuri kwa macho, lakini kunywa yachemsheni au mtie WaterGuard. Ile dawa ya kufunga tumbo usimpe mtoto kabisa, na mtu mzima mwenye homa au damu kwenye choo asiitumie. Damu kwenye choo, mtoto aliyelegea, macho yameingia ndani, masaa sita hajakojoa, hapo ORS mnanyweshana mkiwa njiani kuelekea hospitali.

Huyu wa pumu ndo mgonjwa wako wa kweli wa safari hii, wengine wote ni kama tu ikitokea. Wazazi wake wamwone daktari wake kabla, wapate mpango ulioandikwa, na dawa yake ya kila siku kama anayo isikatishwe kwa sababu ya safari. Inhela ya bluu ziwe mbili, moja mfukoni kwa mzazi anayetembea naye na moja kwenye boksi, zote zijaribiwe zinapuliza. Mtoto wa miaka saba akipuliziwa moja kwa moja mdomoni dawa nyingi inaishia kwenye ulimi. Kama hana spesa, yaani kile kichupa cha kuunganisha na inhela ili dawa ifike kifuani, chupa ya maji ya nusu lita inafaa kabisa: toboa kitako tundu linaloendana na mdomo wa inhela ibane vizuri, yeye aweke mdomo pale pa kunywea. Pulizia mara moja, avute na kutoa pumzi mara nne, tena, mpaka mipulizo minne, subiri dakika nne, hajapata nafuu rudia minne. Bado, mwende. Akiwa hawezi kumaliza sentensi, mbavu zinaingia ndani akivuta, midomo inabadilika rangi, usisubiri hizo dakika, muwe kwenye gari na mnaendelea kumpulizia. Hema lake liwe upande ambao upepo hauleti moshi wa moto wenu.

Vingine nivipitie haraka. Kifundo kikiteguka ni krepu, kuinua mguu, kupumzika, asiyeweza kukanyaga hatua nne apigwe eksirei. Malengelenge ya viatu vipya funika, msitumbue. Kupe vuta taratibu na kibano karibu na ngozi, bila kiberiti wala mafuta.

Kwenye bajeti yako, ningekuwa mimi ningenunua kwa mpangilio huu: gozi za paketi nyingi kuliko unavyofikiri, krepu nne pana, tepu ya kitambaa, glovu, ORS, panadol za vidonge na syrup, themometa, kibano, chupa ndogo ya ayodini, plasta, na kitambaa kikubwa cha pembetatu cha kuninginizia mkono, ambacho kanga iliyokunjwa inafanya kazi ileile bure. Inhela zitoke kwa wazazi wake nje ya hiyo elfu themanini. Kama hela haitoshi, kata ayodini na plasta kabla hujakata gozi.

Boksi lisikae kwenye buti chini ya mabegi. Kwanza hatari kubwa kuliko nyoka wote wa Udzungwa ni barabara ya Morogoro mnayoenda kuipita, mnaweza kulihitaji kabla hamjafika. Pili buti la gari lililopaki juani linachemka, na dawa nyingi zimeandikwa zikae chini ya nyuzi 30. Liwe ndani, karibu na miguu ya mtu, na kila mtu mzima ajue lilipo, sio wewe peke yako.

Jambo la mwisho la kupanga sio la kununua. Msitegemee ambulansi itawafuata porini, gari lenu ndo ambulansi. Kila jioni dereva mmoja asinywe, tenki lisishuke nusu, gari lipaki limeelekea njia. Ukifika getini waulize askari wa hifadhi kituo cha afya cha karibu kilicho wazi usiku na namba zao, mtandao ndani ya msitu unakatika kwa hiyo ziandike kwenye karatasi. Hospitali kubwa ya upande ule ni St. Francis iliyoko Ifakara, kilomita 50 hivi kutoka Mang'ula. Namba 114 ni zimamoto na uokoaji, 112 ni polisi. Na mkae wawili watatu wiki hii mfanye mazoezi sebuleni ya kubonyeza kidonda na kufunga krepu, mkono wa mtu mzima ukishafanya mara moja hautetemeki sana siku ya kweli.

Andika tarehe mlizolala kule kwenye karatasi, na mkisharudi Dar usiitupe. Yeyote akipata homa kuanzia wiki moja baada ya kufika Mang'ula mpaka mwezi mmoja na zaidi, hata ikiwa ndogo ya kuja na kupotea, apimwe malaria siku hiyo, na amwambie anayempima kwamba alilala Kilombero na lini. Kipimo cha kwanza kikisema hakuna na homa ikaendelea, arudie kesho yake.